Salamu za Mzee Zefania

Usiniulize nchi hiyo iko wapi. Waliouliza kabla yako waliombwa vitambulisho, na vitambulisho vyenyewe havijarudishwa mpaka leo. Jua tu kwamba ipo, ina bendera, ina foleni, na watu wake ni wakarimu kiasi kwamba ukipita mlangoni mwao saa ya kula utakaribishwa hata kama chakula chenyewe kimebaki harufu.

Katika nchi hiyo mtu hafi mpaka redio iseme. Anaweza kukata roho, akafumbwa macho, akaoshwa na kuvikwa, lakini ndugu hawapandi basi mpaka waisikie sauti ya Mwajabu Kipande ikisema, "Habari ziwafikie popote walipo." Hapo ndipo vilio vinapoanza, masufuria yanapoazimwa, na yule shemeji mwenye madeni anapojitokeza wa kwanza.

Mwajabu hakusomea utangazaji. Chuo cha utangazaji alikisikia kikitangazwa tu. Alikuwa akinadi mitumba sokoni, juu ya meza, mpaka siku Mkurugenzi wa Redio ya Taifa, Bwana Mshamu, alipopita akienda kununua dagaa akajikuta amebeba blauzi za kike ambazo hakuwa na wa kumpa. Alipozinduka akasema sauti inayoweza kumuuzia mwanamume blauzi inaweza kuuza chochote, hata serikali. Akamwajiri. Asubuhi Mwajabu akawa anasoma matangazo ya vifo, alasiri anasoma kadi za salamu. Mdomo mmoja: asubuhi unakuliza, alasiri unakuchekesha, na wasikilizaji hawakuona ajabu, kwa sababu hata nyumbani kwao siku ilikuwa inakwenda hivyo hivyo.

Kwetu mtaa wa Gongoni alikuwa zaidi ya mtangazaji. Harusi bila yeye kushika kipaza sauti ilihesabiwa kuwa ni uchumba. Alikuwa katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, mpatanishi wa mke na wifi, na mtu wa kwanza kuambiwa siri ili isikawie kufika kwa wengine. Uani kwake watu walikaa juu ya ndoo zilizofudikizwa, maana viti vilishaisha tangu enzi za marehemu mama yake.

Basi mwaka ule nchi yetu ikaingia kwenye mashindano ya Kombe la Uhai, ambalo hupewa taifa ambalo watu wake hufa kwa uchache. Waamuzi walitoka ng'ambo. Walitaka kuzunguka mikoani wahesabu wenyewe, lakini walipoonyeshwa barabara wakaamua kubaki hotelini na kusikiliza matangazo ya vifo kwa mkalimani. Mwamuzi mkuu alisema kwao redio haidanganyi. Waziri wa Uhai, Mheshimiwa Salvatory Ngoboka, akamhakikishia kwamba hata kwetu ni vivyo hivyo.

Jioni hiyo Mheshimiwa akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kifo ni utoro. Mtu anaacha kazi, anaacha kodi, anaacha watoto, na haagi. Serikali yenu sikivu imevumilia utoro huu tangu uhuru. Sasa basi. Nasema, na narudia kusema, na nitaendelea kusema hata baada ya kusema: mwaka huu hakuna ruhusa."

Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilisikia kifua kikinipona.

Kesho yake Bwana Mshamu akamwita Mwajabu ofisini.

"Kuanzia leo kipindi cha vifo kimefutwa," alimwambia.

"Na vifo vyenyewe?"

"Vimehamia kwenye salamu."

"Sijakuelewa, bosi."

"Mtu akifa, wewe unamsomea salamu. Fulani anawasalimu ndugu zake wote, anasema hajambo, waendelee na kazi. Kuna ubaya gani kusalimia?"

"Lakini amekufa."

"Ndiyo maana hawezi kukanusha," alisema Bwana Mshamu, na akatazama dirishani kama mtu aliyesikitika, ila alikuwa anaangalia kama gari lake linaoshwa vizuri.

Mwajabu alirudi Gongoni na habari hiyo akaibwaga uani kama kawaida yake. Tukaijadili. Sasa, lazima ujue kwamba Waziri alikuwa ameahidi transfoma kwa kila mtaa utakaomaliza mwaka bila kifo. Sisi hatukuwa tumewahi kuwa na umeme, lakini imani tulikuwa nayo: watu walishanunua pasi, na Bi. Kibibi wa duka la kona alishanunua jokofu, akawa anahifadhi humo unga. Mjumbe wetu, Bwana Feruzi, akasimama.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Marehemu ana haraka gani? Mwenye haraka ni transfoma."

Hakuna aliyembishia. Kulikuwa na kashata zinapita.

Mzee Zefania alifariki wiki ile ile. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, nyumba yake imepakana ukuta na ya Mwajabu, na kifua kilikuwa kinambana tangu masika. Mwanawe mkubwa, Yusto, alikuwa kibarua katika kiwanda cha magadi kule mwisho wa nchi. Kwao baba hafukiwi mpaka mtoto wa kwanza atupe udongo wa kwanza. Simu zilikuwa hazishiki, maana minara ilizimwa ili isiwasumbue waamuzi. Kusafiri kulihitaji kibali chenye sababu, na katika sababu zilizoruhusiwa msiba haukuwamo. Ilikuwamo harusi, gwaride na kununua mbuzi. Kwa hiyo ilibaki redio.

Mama Yusto aliingia uani kwa Mwajabu akiwa amejifunga khanga kiunoni. Hakulia, kwa sababu Bwana Feruzi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akikumbusha kwamba kilio cha sauti kitaandikwa mafua.

"Umsome wewe mwenyewe, Mwajabu," alisema. "Usimwachie mtoto wa zamu. Yusto akiisikia sauti yako atajua ni kweli."

"Nitamsoma, dada. Kwa mdomo wangu huu."

"Atafika?"

"Atafika."

Waliomwona wanasema Mwajabu aliondoka nyumbani siku hiyo akiwa ameazimia kulisoma tangazo la kweli, liwe liwalo. Nami naamini. Lakini Bwana Mshamu alikaa naye studio, akamwekea karatasi mbele, akamwambia kwa upole, "Na utabasamu, bibie. Tabasamu linasikika." Na sisi mtaani tulikuwa tumekaa tunasikiliza, pasi mpya zimepangwa kwenye kabati. Mwajabu akafungua kipaza sauti.

"Mzee Zefania wa Gongoni anamsalimu mwanawe Yusto wa kiwanda cha magadi popote alipo. Anasema hajambo, kifua kimeachia, mwanangu usiwe na wasiwasi, endelea na kazi."

Kisha likafuata dansi.

Mzee akazikwa mchana kweupe, kwa utaratibu mpya. Mazishi yalikuwa yanaitwa upandaji miti. Afisa misitu alikuja na mche wa mvinje, shimo likapimwa, viongozi wakahutubia juu ya umuhimu wa kivuli, na mzee akashushwa kama mbolea. Udongo wa kwanza aliutupa Bwana Feruzi, akipigwa picha. Mwaka ule nchi yetu ilipanda miti mingi mpaka ikasifiwa nje.

Mwajabu alisimama nyuma kabisa. Mama Yusto alimfuata, akamshika mkono.

"Nimekusikia jana," alisema. "Umesoma vizuri. Sauti haikukwaruza hata mahali pamoja."

Kuna matusi ambayo mtu angeyalipia kuyapata badala ya sifa kama hiyo. Toka siku hiyo Mwajabu hakuweza kumeza chakula mbele ya jirani yake. Alikuwa anampelekea vyakula: maandazi, maharage ya nazi, nusu kuku. Anagonga, anaweka mlangoni, anakimbia kama mtoto aliyevunja dirisha. Tukasema, huyu dada ana moyo wa huruma. Tena vingine tulivila sisi, maana Mama Yusto alikuwa hali chakula na chakula ni dhambi kukitupa.

Kipindi cha salamu kikawa maarufu kuliko mpira. Marehemu walisalimu asubuhi, mchana na jioni. Walimsalimu Rais, wakampongeza kwa siku yake ya kuzaliwa. Walichagua nyimbo. Waamuzi kule hotelini wakaandika kwamba watu wa nchi hii licha ya kutokufa wana adabu. Na Mwajabu, kwa sababu dhamiri ilikuwa inamtafuna, akaanza kuwaongezea marehemu maneno ili kuwaliwaza waliobaki. Karatasi inasema "hajambo", yeye anaongeza kwamba kafurahishwa na yale mahindi. Alikuwa anawajua watu wetu, kila mtu na neno lake la kinywani. Alipomsoma Mzee Zefania mara ya pili, alicheka kile kicheko cha mzee mwenyewe, cha kukatika katikati kama msumari uliopinda.

Alipopita mlangoni kwa Mama Yusto akamkuta ameketi na redio mapajani.

"Jana alicheka," Mama Yusto alimwambia.

"Dada, nisamehe. Sitarudia."

"Urudie. Mimi najua alipo, nimemwona akiingia. Lakini saa kumi ikifika nanyoosha kitanda, nakaa. Kesho atasema nini?"

Mwajabu alifika kwake akajifungia chooni, akakaa humo mpaka wageni uani wakaanza kuulizana kama choo nacho kimepata mpangaji.

Halafu ikaja kadi. Kadi za salamu zilikuwa zinasafiri haraka kuliko wagonjwa. Unaitumbukiza katika sanduku dukani popote pale, kesho iko studio, na kama ina neno la msiba Afisa Usahihishaji analiondoa njiani. Hii haikuwa na neno la kuondolewa. Mwajabu aliianza hewani kabla hajaona imetoka kwa nani.

"Yusto Zefania wa kiwanda cha magadi anamsalimu baba yake mzazi, Mzee Zefania wa Gongoni. Anasema amefurahi sana kusikia kifua kimeachia. Alikuwa ameshaomba likizo aje amwone, sasa ameirudisha na ameongeza mkataba, ili apate bati za kumaliza lile banda. Anasema, baba, ukizidiwa usinifiche."

Kisha likaja dansi.

Unadhani aliacha? Alijibu. Angefanyaje, kijana ameuliza, na hewani salamu isiyojibiwa ni matusi. Akamjibu kwamba baba amefurahi, mvua zikianza wataezeka pamoja. Kijana akaandika tena. Baba akajibu tena. Nchi nzima ikawapenda wale wawili. Madereva wa malori walikuwa wanasimama pembeni kuwasikiliza. Mheshimiwa Ngoboka alizitaja bungeni zile salamu kama mfano wa malezi bora. Na kila kadi ya Yusto ilimalizia vile vile: baba, ukizidiwa usinifiche.

Siku ya kukabidhiwa Kombe la Uhai, sherehe iliwekwa ndani ya studio, ili taifa lisikie. Walikuwepo waamuzi na mkalimani wao, Waziri na wapambe wake, na keki yenye umbo la moyo. Mwajabu aliandaliwa nishani, na kabla ya nishani alitakiwa asome salamu za shukrani kutoka kwa wananchi wote waliokuwa hai kwa mujibu wa serikali. Sisi tulikuwa uani kwake tumejazana mpaka juu ya ukuta. Mama Yusto alikuja na redio yake, ingawa uani redio zilikuwa tele.

Mwajabu alisoma salamu za kwanza kwa sauti ile ya kuuza blauzi. Akasoma za pili. Akaweka karatasi chini. Hilo tuliambiwa baadaye, sisi tulisikia tu mchakacho.

"Mzee Zefania wa Gongoni," alisema, "anamsalimu mwanawe Yusto. Anasema, mwanangu, uliniomba nisikufiche. Nimekufa. Nimekufa tangu kabla ya salamu ya kwanza. Nimezikwa bila mkono wako, chini ya mvinje, na mama yako amekatazwa kulia. Habari zikufikie popote ulipo."

Dansi halikuja. Fundi mitambo alisahau.

Studio, mwamuzi mkuu alimgeukia mkalimani. "Amesema nini?"

"Mzee mmoja anasema amekufa."

"Anasema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Waamuzi wakafungua kanuni zao, wakanong'onezana. Kisha mwamuzi mkuu akatamka kwamba kwa mujibu wa kanuni, mtu anayeweza kutoa taarifa ya kifo chake mwenyewe hawezi kuhesabiwa kuwa amekufa. Labda ana huzuni, na huzuni ni kombe jingine. Makofi yakapigwa. Nchi yetu ikabeba kombe.

Mwajabu alisimama akasubiri pingu. Alikuwa amevaa viatu vya chini kwa ajili hiyo. Badala yake Mheshimiwa Ngoboka alimvalisha nishani shingoni.

"Mheshimiwa," alisema Mwajabu, "maneno yale nimeyatunga mimi."

"Wewe ni msomaji tu, mama," Waziri alimjibu, akiwatabasamia wapiga picha. "Mwenye kosa ni mtoa salamu. Tutamshughulikia."

Hivyo ndivyo hati ya kumkamata Mzee Zefania ilivyotolewa, kwa kosa la kujitangazia kifo bila kibali na kuzua taharuki. Na mtangazaji wetu akarudi nyumbani na dhahabu kifuani, hata adhabu amenyimwa. Tulimpokea kwa vigelegele. Transfoma nayo ilikuwa imeshafika, imeshushwa mbele ya duka la Bi. Kibibi; nyaya hazikuwemo kwenye ahadi. Watoto wakawa wanaikalia.

Yusto aliingia Gongoni kwa lori la magadi, nguo zote nyeupe kwa vumbi. Alikwenda kwanza kwenye mvinje, halafu kwa mama yake, halafu akaja uani kwa Mwajabu, ambako sisi tulikuwa tumekaa tukijifanya tunaongea mambo mengine. Alichagua ndoo, akakaa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Nimeshapoa. Nina swali." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga juu ya paa. "Zile salamu, kuna yoyote aliitoa yeye? Labda kabla hajakata roho?"

"Hakuna."

"Ile iliyofanya niongeze mkataba?"

"Mimi."

"Ya kuezeka mvua zikianza?"

"Mimi, baba."

"Alicheka siku moja. Niliwaita wenzangu wote bwenini waje wamsikie baba yangu."

Mwajabu alikuwa ameshika nishani mkononi, anaupindapinda utepe wake. "Hata kucheka," alisema.

Yusto alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilidhani namjibu baba."

"Nilitaka usiumie."

"Nilisema nisifichwe. Kila kadi."

"Ulimwambia yeye."

"Nilikuwa nakuambia wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unasikia."

Bwana Feruzi akaona ni wajibu wake kama kiongozi kuokoa hali.

"Kijana," alisema, "yote haya yalifanyika kwa maendeleo. Si umeiona transfoma?"

"Nimeiona," Yusto alisema. "Na wewe ndiye uliyetupa udongo wangu?"

Bwana Feruzi akakumbuka ana kikao. Sisi wengine hatukuwa na kikao, ikabidi tubaki, tukitazama vidole vyetu vya miguu. Mama Yusto akaingia akakaa karibu na mwanawe, akaanza kulia kwa sauti, mafua au si mafua, na wanawake wakamsogelea wakaanza nao. Ndipo msiba wa Mzee Zefania ulipoanza, mvinje wake ukiwa umeshatoa matawi.

Katikati ya kilio hicho akatokea Konstebo Mathayo na hati yake. Alikuwa kijana mrefu, mgeni katika kituo chetu, na alibisha hodi ukutani ingawa lango lilikuwa wazi.

"Namtafuta Zefania," alisema.

"Umemkosa kidogo," Bi. Kibibi alimjibu. "Nenda nyuma ya kanisa, uliza mvinje wa pili. Mpigie saluti kabisa, ni mzee wa watu."

Watu wengine walicheka machozi yakiwatoka. Konstebo hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama Yusto, akamtazama Mama Yusto, akaikunja hati mara mbili, akavua kofia.

"Yupi ni Mwajabu Kipande?"

"Mimi, afande," Mwajabu alisema, akasimama haraka, akanyoosha mikono yote miwili mbele. Wallahi alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa zawadi.

Konstebo aliiangalia ile mikono kama hajui ni ya nini.

"Sijaja kwa hilo," alisema. Akashusha sauti, lakini uani kwetu kushusha sauti hakusaidii. "Mama yangu anakaa Mto Mkavu. Anaitwa Leokadia Mathayo. Alinisalimu redioni, anasema hajambo, nisiache kazi. Ulimsoma wewe. Mimi nataka kujua tu."

Kilio kikakatika. Mwajabu alifumba macho, na sote tulimwona anatafuta, anapita katika karatasi zote zile zilizopita mbele yake, anawapita wazee na watoto wachanga na maharusi. Tulimwona anafika.

Akashusha mikono. Akachukua ndoo iliyokuwa karibu, akaifuta juu yake kwa upindo wa khanga, akamsogezea.

"Keti kwanza, mwanangu," alisema.

"Naweza kusikia nimesimama," alisema Konstebo, na mkono wake mmoja tayari ulikuwa unautafuta ukuta.